Faili ya pamoja ifungwe inapoandikwa, na awepo wa kuifungua

Mhariri,

Mwandishi wa safu yenu ya teknolojia alitueleza majuzi kwamba afisi inayofunga faili ya kompyuta ili mtu mmoja tu aiandike kwa wakati mmoja imebaki nyuma. Hayo, alisema, ni mawazo ya masijala. Siku hizi watu kumi wanaandika ukurasa mmoja, kila mtu akiwa kwake, na hakuna kinachoharibika. Mimi nilikuwa karani wa masijala katika wizara moja hapa Nairobi hadi nilipostaafu, na sasa natunza nyaraka katika afisi ya wakadiriaji wa gharama za ujenzi huku Ngara. Kwa hivyo mshale ule ulinipata. Hasira imeshaniisha, ninaandika kwa sababu ushauri ule ukifuatwa jinsi ulivyo kuna watu watapoteza pesa, na nimewaona wakipoteza.

Kwa maandishi ya kawaida amesema kweli. Kumbukumbu za mkutano, rasimu ya barua, orodha ya wachangiaji wa harusi: fungueni pamoja, andikeni pamoja. Google iliinunua Writely, programu ya kuandikia kwenye mtandao, mwaka 2006 na kuigeuza kuwa Google Docs, na tangu hapo kazi ya namna hiyo imekuwa rahisi mno. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kanisani na ninaitumia kila mwezi. Maneno ninayoongeza mimi na yale anayoongeza mwenzangu, kompyuta inayapanga kila moja mahali pake, na likienda kombo tunaliona pale pale sote tukiwa macho.

Afisini kwetu lakini barua ni chache. Kazi yetu kubwa ni makadirio ya ujenzi, ile orodha ya vipimo na bei ambayo kila fundi na kila kontrakta wa mji huu huiita BQ. Ni majedwali yanayovutana. Kina cha msingi kikibadilika kwenye karatasi ya kwanza, ujazo wa zege unabadilika kwenye ya pili, mifuko ya simiti inabadilika kwenye ya tatu, na jumla kuu inabadilika mwisho. Kisha tuna michoro ya wasanifu na wahandisi. Mchoro ukihaririwa na watu wawili katika nakala mbili, hutapata programu itakayokaa chini iamue kama ukuta wa choo ufuate kipimo cha huyu au cha yule. Atakayeamua ni binadamu, tena kwa kuyatazama yote mawili mstari kwa mstari, na mara nyingi ni saa mbili usiku.

Nieleze lililotokea. Kontrakta mmoja alitupa kazi ya kumpangia bei za zabuni ya madarasa. Faili ilikaa kwenye folda ya pamoja, ile inayojisawazisha yenyewe kupitia intaneti, na kila mtu ana nakala yake kwenye kompyuta yake. Kijana wetu wa vipimo alikwenda Kitengela kuangalia mashimo ya majaribio, akakuta mwamba, akakaa ndani ya gari akirekebisha kina cha msingi na kazi ya kuchimba. Bando lilikuwa limemwishia. Wakati huo huo dada wa bei hapa Ngara alikuwa amepata bei mpya za vyuma na simiti kutoka hadiwea za Industrial Area na anaziingiza kwenye faili ile ile, karatasi nyingine. Wote wawili walikuwa na haki ya kuandika. Wote wawili walifanya kazi nzuri.

Kijana aliporudi na kupata mtandao, programu ilikuta matoleo mawili yaliyotoka kwa baba mmoja. Haikufuta lolote, ilifanya vile Dropbox na wenzake wanavyofanya, ikaiacha moja kwa jina lake na kuiweka ya pili kando yake ikiwa na jina la mtu na tarehe. Sasa folda ina faili mbili zinazofanana kama mapacha. Aliyekuwa anachapisha zabuni alichagua ile iliyohifadhiwa mwisho, kama wengi wetu tungefanya. Ilikuwa na msingi mpya na bei za zamani.

Kontrakta akashinda. Hapo ndipo balaa ilipoanza.

Wasomaji wanaofanya biashara na serikali wanakijua kifungu cha 82 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015: jumla ya bei iliyosomwa siku ya kufungua zabuni ndiyo ya mwisho, haisahihishwi wala kurekebishwa na mtu yeyote. Sheria hiyo ni nzuri, iliwekwa ili watu wasibadilishe bei gizani. Lakini haijali kwamba folda yako ilikuwa na mapacha. Yule bwana alijenga madarasa kwa bei za vyuma zilizokwisha pita, na alipotujia afisini alizungumza kwa upole sana, jambo lililonitisha kuliko angepiga kelele.

Folda ingekuwa ya kawaida, iliyo kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya afisi, bila kusawazishwa, ingekuwa vibaya zaidi. Fikiria: wote wawili wanafungua toleo la asubuhi kwa programu isiyoweka kufuli. Dada anahifadhi saa sita. Kijana anahifadhi saa nane, juu ya kazi ya dada. Bei mpya zimefutika na hakuna ishara yoyote, hakuna pacha, hakuna onyo. Kompyuta imefanya ilivyoamriwa. Makosa ya aina hiyo huyajui mpaka mtu aulize mbona bei ya simiti ni ya Januari.

Sasa nirudi kwenye masijala niliyotukaniwa. Faili ya karatasi ilikuwa moja. Ikitoka kabatini, mahali pake palikaa kadi yenye nambari ya faili, jina la aliyeichukua na tarehe, na daftari la mwendo wa faili likaandikwa vivyo hivyo. Afisa akija kuitafuta hakuambiwa haipo, aliambiwa iko kwa fulani, ghorofa ya sita, tangu Jumanne. Ndani yake kila barua ilikuwa na nambari kwa mfuatano, ukichomoa moja pengo linaonekana. Hakuna aliyeona utaratibu huo kuwa dharau. Ulikuwa ni wa kujua kalamu iko mkononi mwa nani.

Nitasema na ubaya wake, maana mwandishi wenu angeusema kama angeujua. Mkubwa angeweza kukaa na faili mwezi mzima chini ya gazeti, na karani hana ubavu wa kuingia afisini kwake kuichukua. Na Wakenya wa umri wangu wanajua sentensi "faili haionekani" ilikuwa ikingoja nini. Kufuli lisilo na mtu mwenye mamlaka ya kulifungua lina ubaya ule ule, liwe la karatasi au la kompyuta. Hili ndilo ningependa lisomwe hata kama barua yangu mtaikata kwa urefu wake.

Watu wa programu za kompyuta walipitia njia hii kabla yetu. Mpwa wangu anaandika programu, afisi yao iko upande wa Ngong Road, na ndiye aliyenifungua macho. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa maabara ya Bell kule Marekani alitengeneza mfumo wa kutunza matoleo ya programu, SCCS. Miaka kumi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS. Katika yote mawili, ukitaka kubadilisha faili unaichukua kwa jina lako, na wengine wanaweza kuisoma lakini hawawezi kuirudisha ikiwa imebadilishwa mpaka wewe uirudishe. Kisha mwaka 1986 Dick Grune, mwalimu wa chuo kikuu mjini Amsterdam, aliona yeye na wanafunzi wake wawili wanafanya kazi saa tofauti kabisa na kungojana kunawachosha. Akaandika mfumo usiofunga, kila mtu anabadilisha nakala yake na mwisho wanaunganisha. Dunia ya programu ikaufuata huo, mpaka leo.

Mwandishi wenu angeishia hapo na kupiga makofi. Lakini hadithi inaendelea. Mfumo wa Subversion, uliorithi wazo la kutofunga, ulirudisha kufuli mwaka 2005 katika toleo lake la 1.2. Git, ambayo vijana wote wanaitumia, imezaliwa mwaka huo huo bila kufuli, na bado kiungo chake cha kuhifadhi faili kubwa, Git LFS, kiliongezewa kufuli mwaka 2017. Kisa ni picha, sauti, michoro, vitu visivyounganika. Watu waliolitupa kufuli kwa ajili ya maandishi walilirudisha wenyewe kwa ajili ya vitu hivyo, na hawakuwa makarani wa masijala.

Kufuli lenyewe likoje? Msomaji asiyeshinda kwenye kompyuta afikirie ufunguo wa choo katika majumba ya River Road, ule uliofungiwa kipande cha mti ili usiende nao nyumbani mfukoni. Ufunguo ukining'inia ukutani, ingia. Usipokuwepo, kuna mtu. Huna haja ya kubisha wala kuuliza tabia yake.

Kwenye kompyuta kuna makufuli ya namna mbili, na watu huyachanganya. La kwanza linajifunga lenyewe unapofungua faili. Programu ya Word au Excel ikifungua faili kwenye folda ya pamoja huweka kando yake kijifaili kilichofichwa ambacho jina lake linaanza kwa alama za ~$, na ndani yake mna jina la mtumiaji. LibreOffice huweka cha kwake kinachoanza na .~lock, na AutoCAD huandika chenye mwisho wa .dwl. Mwingine akija anaambiwa faili inatumiwa na fulani, ataka kuisoma tu? Ukifunga programu, kijifaili kinaondoka.

Hilo la kwanza ni zuri lakini ni jepesi. Stima ikipotea ghafla, kijifaili kinabaki na faili inaonekana imefungwa na mtu ambaye hata hayuko kazini. Na kuna jambo ambalo nimelikuta katika afisi nyingi za mji huu: kompyuta zote zilinunuliwa pamoja, zikawekwa programu na kijana mmoja wa Luthuli Avenue, zote kwa jina Admin. Kwa hivyo unafungua faili unaambiwa imefungwa na Admin. Admin ni nani? Kila mtu ni Admin. Dada wa bei anapiga kelele "nani yuko kwenye BQ?" na watu watano wanajibu si mimi. Afisi yetu ilipobadilisha majina hayo, kila kompyuta ikaandikwa jina la mwenye kuitumia, nusu ya ugomvi uliisha siku hiyo hiyo na hatukununua chochote. Katika Excel na Word unaingia kwenye mipangilio, mahali pa jina la mtumiaji, unaandika lako. Anayesoma barua hii kazini afanye hivyo kabla ya chai.

Kufuli la pili ni la makusudi, nalo ndilo ninalolitetea. Unabonyeza kitufe, unaichukua faili kwa jina lako, na seva inaandika ni nani na tangu lini. Unaweza kuzima kompyuta ukaenda nyumbani, faili bado ni yako. Wengine wanaisoma katika toleo la mwisho lililorudishwa; unayoyaandika sasa hawayaoni mpaka umalize. Ukirudisha, seva inakuomba uandike umebadilisha nini, inalipa toleo jipya nambari, na la jana linabaki chini yake. SharePoint, mfumo wa Microsoft wa kutunza nyaraka, inafanya hivi, Subversion inafanya hivi bila kutoza senti, na mifumo mingine mingi ya nyaraka. Subversion ina na jambo moja ninalolipenda: faili unaweza kuiwekea alama ili ikae ya kusomwa tu kwenye kompyuta ya kila mtu hadi atakapoichukua. Mtu hawezi kuanza kazi kwa kusahau, kisha aje kugundua jioni kwamba mwenzake alitangulia.

Kwa wale wa saiti ndipo tulipokuna vichwa zaidi. Kufuli linakaa kwenye seva. Kijana akiwa Kitengela bila bando, seva haimjui wala yeye hajui seva inasema nini. Hakuna programu ya kuliponya hilo, panahitaji desturi. Kwetu sasa anayetoka kwenda saiti anachukua faili kabla hajashuka ngazi, na asipoichukua anabeba daftari la karatasi na kuandika vipimo kwa kalamu kama tulivyofanya zamani, aje aviingize akirudi. Vijana walinuna. Mmoja aliniuliza kama nitawapa pia wino na kibweta. Nilimwambia kibweta kipo.

Halafu tukagawa faili, na hili nadhani ndilo lililosaidia kuliko kufuli lenyewe. Kwa nini dada wa bei na kijana wa vipimo wagombanie faili moja hali kazi zao ni mbili? Tuliiweka orodha ya bei kivyake, vipimo kivyake, na jedwali la jumla linalovuta kutoka kote kuwili bila mtu kuandika ndani yake. Dada anashika yake, kijana anashika yake, siku nzima hawakutani. Wasanifu majengo wanalijua hili tangu zamani: mchoro wa nguzo ni faili ya mhandisi, wa mabomba ni faili ya mtu wa maji, na mchoro mkuu unaviita vyote juu ya kimoja. Faili ikigombaniwa kila siku, kwanza uliza kama haikupaswa kuwa mbili.

Kuna njia nyingine ambayo mpwa wangu anaipenda kuliko kufuli, nami siidharau. Hakuna kufunga, ila unapohifadhi, seva inaangalia kama toleo uliloanzia bado ndilo la mwisho. Kama mwingine alitangulia, inakukatalia, na kazi ya aliyetangulia inabaki salama. Kwa daftari la wanachama wa sacco, ambapo huyu anabadilisha simu ya mwanachama mmoja na yule anwani ya mwingine, na kugongana ni kwa nadra, hiyo inatosha kabisa. Lakini mtu aliyekaa na makadirio tangu saa mbili asubuhi, umkatalie saa kumi jioni umwambie aanze kulinganisha? Huyo heri angeambiwa asubuhi kwamba faili ina mtu.

Nije kwa lile la mkubwa aliyekalia faili. Katika Nairobi ya leo huyo mkubwa ni mtu yeyote aliyesafiri. Ijumaa alasiri mtu amechukua faili, simu imeingia, kuna msiba nyumbani, anakimbia Machakos Country Bus, na kufikia jioni yuko njiani kuelekea Kakamega simu ikiwa imezima chaji. Zabuni inafungwa Jumatatu saa tano. Faili imefungwa kwa jina lake. Mfano huu sikuubuni.

Waliotengeneza mitandao waliliwaza jambo hili. Kanuni za WebDAV za mwaka 1999, zinazoeleza jinsi faili zilizo kwenye tovuti zinavyoweza kuhaririwa na wengi, zinampa kila mwenye kufunga alama ya kulitambulisha kufuli lake na muda; muda ukiisha bila kuongezwa, kufuli linaweza kufunguka lenyewe. Kwa kufuli lile la kwanza, la programu kuwa wazi, ninakubaliana nao. Kwa lile la makusudi sipendi saa ifungue, maana saa haijui kama mtu amemaliza au amekwenda kuzika. Afungue mtu, na mtu huyo ajulikane kwa jina kabla ya siku ya shida.

Afisini kwetu ni mimi, na nikiwa sipo ni mhasibu. Kabla ya kufungua tunampigia mwenye faili. Asipopatikana, tunaangalia kama ameacha kompyuta yake afisini. Ikiwa ipo, tunanakili alichokuwa amekiandika kwenye folda ya kando kwanza. Sababu ni kwamba katika SharePoint msimamizi akiitupa ile hali ya kuchukuliwa, mabadiliko yaliyokuwa yamepanda kwenye seva bila kurudishwa rasmi yanakwenda nayo. Yaliyo kwenye kompyuta ya mtu yanabaki kwake, lakini hayatajiunga na toleo jipya yenyewe; akirudi kutoka msibani lazima akae na mwenzake wayapitie pamoja. Katika Subversion unaweza kulivunja kufuli la mtu, na yeye atajua siku atakapojaribu kurudisha na kukataliwa. Ndiyo maana tunampelekea ujumbe papo hapo, faili yako imefunguliwa na fulani saa fulani kwa sababu fulani. Ujumbe huo unazuia chuki nyingi.

Kila jioni, kabla sijashuka kutafuta matatu, ninachapisha orodha ya faili zilizo nje na ziko kwa nani. Vijana huiita orodha ya wadaiwa. Ijumaa siishii kuchapisha. Ninazunguka meza kwa meza. Anayesema bado anaihitaji anabaki nayo, lakini anasema kwa kinywa chake mbele ya wenzake. Ninaamini kuzunguka huku kunafanya kazi kubwa kuliko programu yoyote, ingawa bosi wangu anaamini ni programu, maana yeye ndiye aliyeilipia.

Kuna mtego mmoja zaidi wa SharePoint niwaonye wanaotaka kuanza. Mkiiwekea folda sharti la kuchukua kabla ya kuandika, basi kuandika pamoja kwa wakati mmoja hapo kumefungwa. Msiiwekee folda ya kumbukumbu za mikutano mkaja kunilaumu. Na faili mpya mtu anayopandisha inaweza kubaki kwake, wengine wasiione hata kidogo, hadi airudishe kwa mara ya kwanza. Tulikuwa na msimamizi wa saiti aliyepandisha picha zote za ukaguzi, akaapa ameweka, na sisi tukaapa folda ni tupu. Wote tulikuwa tunasema kweli. Msimamizi wa mfumo anaweza kuziona na kuzichukua, ila ajue pa kutafuta.

Na hakuna kufuli litakalowalinda na WhatsApp. Faili ikishatumwa kwa simu, iliyo kwenye simu ni mtoto wa kambo, hana jina kwenye daftari. Mteja anataka kuona? Mtumieni picha ya kurasa au PDF, kitu asichoweza kukirudisha kikiwa kimebadilishwa na mtu akakiweka juu ya halisi. Hili wakubwa ndio wanaolivunja zaidi, kwa sababu wao hawapendi kuambiwa ngojea.

Mwisho nimgeukie mwandishi wa safu, maana naye ni mtu wa gazeti. Kuna programu ya Adobe iitwayo InCopy, iliyotengenezwa kwa ajili ya vyumba vya habari, inayofanya kazi pamoja na ile ya kupanga kurasa, InDesign. Mhariri anaichukua habari moja kuihariri huku msanifu akishughulikia ukurasa wenyewe, na kwenye kila habari pana alama ya penseli kuonyesha iko mkononi mwa nani. Kwa mwingine penseli hiyo inaonekana imekatwa. Kabla hajaandika tena kuhusu mawazo ya masijala, amuulize msanifu wa kurasa yeyote penseli ile inafanya nini pale. Na akitaka kuona inavyofanyika katika afisi ndogo isiyo na pesa za mchezo, aje Ngara siku yoyote ya kazi, chai ipo. Asije Ijumaa jioni tu. Huwa ninazunguka.

Karani mstaafu wa masijala,
Ngara, Nairobi